Nyakerario na Giga Mia Tisa Thelathini na Moja

Sogeeni, enyi wa Ogembo na wa Kenyenya, nanyi mnaoshuka na vikapu vya chai kuelekea Itumbe, tueni mizigo yenu chini. Wanaokunywa uji na waumalize, wanaobishania bei ya ndizi na waahirishe, maana habari ninayoileta haikubali kusikilizwa kwa sikio moja. Wako waliosimulia vita vya mikuki na ngao, na wako waliosimulia wafalme waliovuka mito mikuu wakiwa na ng'ombe wao. Mimi, fundi cherehani wa Kenyenya, ambaye kibanda changu kimetengwa na duka la jirani kwa ukuta mmoja mwembamba wa mabati, nitasimulia jinsi diski ya kompyuta ilivyogawanywa siku ya Jumapili, nani aliigawa, nani walidai sehemu, na hatari iliyowafika kazi ikiwa katikati. Niliyoyasikia niliyasikia kupitia mabati. Niliyoyaona niliyaona kupitia tundu la msumari, Mungu anisamehe. Na yale ambayo sikuyaona wala kuyasikia nilisimuliwa na shujaa mwenyewe nilipokuwa nikimpima gauni. Wao walinena kwa Ekegusii; mimi nawapa kwa Kiswahili, ili hata mgeni asikose fungu lake.

Shujaa huyo ni Nyakerario, mwenye vidole kumi visivyotazamwa. Namwita hivyo kwa haki, kwa kuwa huchapa akikutazama wewe mteja usoni, akikuuliza habari za mavuno, na huku chini herufi zinajipanga zenyewe kama askari wa gwaride. Duka lake lina meza moja, kompyuta moja, mashine moja ya kutoa nakala, na pazia jeupe la kupigia picha za pasipoti. Watu wanaotoka ofisi za serikali pale juu huingia kwake na karatasi zilizokunjwa mara nane: barua za kuomba kazi, mikataba ya mashamba, ratiba za mazishi. Yeye huzikunjua na kuzipa heshima.

Mumewe ni Cleophas wa besi ya pili, mchuma chai wa asubuhi na mpiga video wa alasiri, mwongozaji wa kwaya katika kanisa la Waadventista lililo nyuma ya soko. Harusi ikifungwa, Cleophas yuko na kamera. Kwaya ikisafiri, Cleophas yuko na kamera na pia na besi. Na kila alichokipiga, tangu bibi arusi hadi mbuzi aliyepita nyuma ya bibi arusi, alikihifadhi katika ile kompyuta moja, wala hakuwahi kufuta hata kwato.

Na hapo ndipo maafa yalipoanzia.

Diski yao ya zamani haikuwa na ukuta wowote ndani. Mfumo unaoiendesha mashine, barua za wateja na video za kwaya vililala chumba kimoja, kama wageni wa matanga sebuleni. Video zikazaana. Mwezi wa sita mashine ikakosa mahali pa kupumulia. Kioo kikageuka buluu, kikazima, kisiamke. Fundi mmoja mpita njia, ambaye jina lake silijui wala sitaki kulijua, akaombwa aiamshe, naye akaiamsha kweli. Lakini katika kuiamsha alibonyeza neno moja tu, nalo ni "Futa", na kwa kuwa vyote vilikuwa chumba kimoja, vyote vikaenda pamoja. Zikaenda barua za miaka mitatu. Ikaenda ratiba ya mazishi iliyokuwa itolewe nakala mia mbili asubuhi hiyo. Zikaenda nyimbo zote za kwaya, hata zile alizoziongoza marehemu Abner, baba yake Cleophas, aliyeisimamia kwaya ile miaka thelathini.

Nyakerario hakumlaumu mumewe. Aliketi akaichapa upya ile ratiba yote, akauliza wafiwa majina ya wajukuu mmoja mmoja, na nakala zikafika kaburini kabla ya jeneza. Lakini iko namna ya kutolaumu inayosikika hadi ng'ambo ya barabara, na Cleophas aliisikia kwa wiki saba. Chakula kiliwekwa mezani, salamu zilijibiwa, na kati yao pakawa na kitu kama gunia la chumvi ambalo hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulisogeza.

Basi ile diski kongwe ilipoanza kukwaruza kama kuku anayetafuta mchwa, wakakubaliana kununua mpya. Ikatoka Kisii mjini ndani ya boksi, imeandikwa kwa majivuno kwamba ukubwa wake ni giga elfu moja. Aliyeileta ni Ishmael wa Ogembo, mfufua mashine, mtu wa maneno machache na bisibisi nyingi. Siku ya Ijumaa, saa kumi na moja jioni, alifungua tumbo la kompyuta, akaitoa ya zamani, akaiweka mpya, akafunga. Kisha akampa Nyakerario flashi yenye mfumo wa kuingiza, na akanena maneno haya:

"Mama Linet, diski hii ni tupu kama kiwanja kisichojengwa. Kabla mfumo haujaingia, mashine itakuuliza unataka kuigawa vipande vingapi, na kila kipande kiwe na ukubwa gani. Amueni ninyi. Mimi niliwahi kuwaamulia watu, wakanisumbua mwaka mzima. Mkikwama, nipigieni."

Akapanda pikipiki akaenda zake.

Nyakerario alitazama diski, kisha akatazama jua likielekea mlimani. Sabato ilikuwa inabisha hodi. Akafunika mashine kwa kitambaa cha meza, akafunga duka. Na siku ya pili yake, mimi niliambiwa na waliokuwapo, Cleophas aliimba ubeti wa tatu mahali pa ubeti wa pili, na besi yote ikamfuata upotevuni, kwa sababu moyo wake ulikuwa dukani, chini ya kitambaa, ukigawa.

Ikafika Jumapili. Mimi ni Mkatoliki, na niliporudi kutoka misa ya kwanza niliwakuta wamefungua mlango nusu. Nikaketi kwenye cherehani yangu, nikashona taratibu sana.

Mashine iliwashwa. Flashi ikasoma. Kioo kikaonyesha mstari mmoja mrefu, na juu yake maneno kwamba hapa pana nafasi isiyogawiwa, ukubwa wake giga mia tisa thelathini na moja.

Nikasikia kiti kikisukumwa nyuma.

"Mama Linet," akasema Cleophas, kwa ile sauti anayoihifadhi kwa nyimbo za hukumu, "nipe koti langu. Boksi linasema elfu moja. Kioo kinasema mia tisa thelathini na moja. Giga sitini na tisa zimeshuka njiani kati ya Kisii na hapa, na mimi sitakubali kuishi duniani kama mtu ambaye giga zake hushuka njiani. Nitasimama mbele ya duka lile ilikonunuliwa, nitasema kwa besi, na mji mzima utajua."

"Mpigie Ishmael kwanza," akasema Nyakerario. "Koti lina kifungo kimoja tu."

Simu ikawekwa mezani, sauti ikiwa wazi. Ishmael akasikiliza shtaka lote kisha akajibu, "Baba Linet, hujaibiwa. Kiwandani wanahesabu kwa elfu. Kompyuta inahesabu kwa elfu na ishirini na nne. Diski ni ile ile."

"Kama ni ile ile," akasema Cleophas, "hizo sitini na tisa ziko wapi?"

Ishmael akaanza kueleza tena, maelezo yakawa marefu, na kila alivyozidi kueleza ndivyo Cleophas alivyozidi kulivaa koti. Mkono wa kwanza ulikuwa umekwisha kuingia wakati mlango uliposukumwa na mama yake, Bochaberi, akiwa na mkungu mdogo wa ndizi mbivu begani. Ni mjane wa Abner, mwanamke wa miaka sabini na miwili, aliyeuza mahindi katika soko la Kenyenya tangu Cleophas akiwa mgongoni, na hakuna mzani wala kipimo katika nchi hii ambacho hakijawahi kujaribu kumdanganya kikashindwa. Alitua ndizi, akaketi, akauliza kuna nini, akaelezwa na wote watatu kwa pamoja, mmoja akiwa ndani ya simu.

"Zamani sokoni," akasema, "jirani yangu alikuwa na mkebe wa gorogoro uliobonyea chini. Gunia moja la mahindi, kwa gorogoro yake lilitoa hamsini. Gunia hilo hilo kwa gorogoro yangu lilitoa arobaini na sita. Mahindi hayakuongezeka kwake, wala hayakupungua kwangu. Gorogoro yake ndiyo ilikuwa ndogo. Hawa watu wa kiwanda wanapimia gorogoro iliyobonyea. Mwanangu, vua koti."

Cleophas akavua. Na kutoka ndani ya simu Ishmael akasema, "Mama, nimezirekebisha mashine hizi miaka kumi na mbili. Kuanzia leo nitawaeleza wateja hivyo hivyo." Akakata.

Hivyo vita vya kwanza vikaisha bila damu. Lakini vita vya pili vilikuwa ndani ya nyumba, na hivyo ndivyo vigumu.

Nyakerario aligonga mabati mara mbili. "Fundi," akaniambia, "niazime chaki yako." Nikaipitisha juu ya ukuta. Ndivyo chaki yangu ilivyoingia katika historia. Akachora juu ya meza mstatili mrefu kama shamba linaloshuka mtoni, akaandika mwanzoni mwake herufi C, akasema, "Hapa utakaa mfumo peke yake. Giga mia moja na hamsini. Hilo halina mjadala?"

"Halina," akasema Cleophas. Akasimama, kwa kuwa yeye hawezi kudai kitu akiwa ameketi. "Yaliyobaki, mke wangu, naomba unisikilize. Harusi moja ikipigwa vizuri inakula giga arobaini, kama ng'ombe wa maziwa anavyokula majani ya nepia: leo umemjazia hori, kesho anakutazama. Kwaya ina safari mbili kabla ya Desemba. Mimi naomba mia saba. Barua zako ni nyepesi. Hata ukichapa barua za Kenyenya yote hazitajaza pembe moja ya uwanja huu. Zitabaki zikiita mwangwi."

Nyakerario alijibu akiwa ameketi, chaki mkononi.

"Ni kweli barua ni nyepesi. Wimbi pia ni jepesi, punje yake huioni ikianguka, na ndilo linalotengeneza uji uliokukuza. Sikuombi ukubwa, baba Linet. Naomba ukuta. Naomba mahali pangu ambapo video haiwezi kuvuka hata ivimbe namna gani, ili siku mashine ikianguka, ianguke peke yake, isiangukie jina la marehemu wa watu."

Mguu wangu ukaacha kukanyaga cherehani bila mimi kuuamuru.

"Unanisema," akasema Cleophas.

"Sijakusema."

"Unanisema tangu mwezi wa sita. Tena bora ungenisema kwa mdomo."

Nyakerario alikuwa anaitazama chaki. Akaniambia baadaye, nikiwa nashika futi kiunoni mwake, kwamba maneno yalikuwa yamemjaa hadi hapa kooni, yote makali na yote ya kweli, na akaona akiyatoa hayatarudi tena ndani.

Ni Bochaberi aliyenena. Hakupandisha sauti.

"Nami nadai sehemu," akasema.

Wakageuka wote wawili. Kwa muda mfupi walikuwa wamemsahau. Akafungua mkoba, akatoa leso, akaifungua leso, na ndani yake mlikuwa na kabambe yake, simu ndogo ya vitufe iliyofungwa mpira ili betri isitoke.

"Sehemu yangu si kubwa," akasema. "Ni dakika nne. Miaka mitatu iliyopita, siku ya mazoezi nyumbani, Linet alikuwa anachezea simu yangu, akabonyeza mahali. Ikashika sauti ya baba yenu. Siku hizi simu hii inazima ikitaka yenyewe, nami naogopa. Ninataka mniwekee humo."

Cleophas aliketi. "Mama, mimi nilifikiri hakuna kilichobaki. Kwa nini hukusema?"

"Mlikuwa mnanyamaziana. Mtu hapeleki yai kwenye nyumba ambayo watu wake wananyamaziana."

Akabonyeza. Nami upande wangu wa mabati nikamsikia Abner, niliyemzika pamoja na wengine kwenye matope ya Aprili, akikohoa, akitafuta noti kwa mluzi, kisha akisema kwa uchovu wa mtu aliyelisema jambo hilo miaka thelathini: "Besi, msikimbilie mbele. Cleophas, hakuna anayekufukuza."

Watu wakacheka ndani ya simu. Na ndani ya duka, mtu mmoja akacheka, na mwingine akapenga kamasi, na sikuhitaji tundu la msumari kujua nani ni nani.

Ilipokwisha, Bochaberi aliirudisha simu ndani ya leso. Akausogelea mchoro wa chaki, akauangalia kama alivyokuwa akiangalia gunia la mkulima mgeni.

"Nyote wawili mmekosea mahali pamoja," akasema. "Mnataka kugawa mpaka mwisho. Baba mkwe wangu alikuwa na wake watatu. Aliwagawia shamba, kila nyumba na kipande chake na mpaka wake. Kisha akabakiza kipande ambacho hakikuwa cha nyumba yoyote. Sisi tunakiita emonga. Mwaka mmoja emonga ikalisha nyumba iliyopata mapacha. Mwaka mwingine ikalisha nyumba iliyopigwa na mvua ya mawe. Watu wanaogawa kila kitu siku ya kwanza, siku ya pili wanaanza kusogeza mipaka kwa jembe. Bakizeni emonga."

Na hapo, enyi wasikilizaji, ndipo hekima ilipowashukia watu watatu na mkungu wa ndizi. Nyakerario alifuta, akachora, akafuta tena. Mfumo, mia moja na hamsini. Kazi yake, mia mbili. Kwaya na harusi, mia nne. Na giga mia moja themanini na moja zikabaki bila jina.

"Mia nne," akasema Cleophas polepole, kama mtu anayeonja mchuzi. "Mia nne na emonga pembeni. Nimeridhika."

Wakampigia Ishmael awape baraka. Akawaonya mambo mawili. La kwanza, kwamba ukuta huzuia jirani, hauzuii nyumba nzima kuungua. Diski yenyewe ikifa, vipande vyote vinakufa, kwa hiyo dakika nne za mama ziwekwe pia kwenye flashi na flashi ikae mbali na duka. La pili, kwamba kipande kikitaka kupanuka baadaye, njia rahisi ni moja tu: huchukua nafasi iliyo upande wake wa kulia. "Kwa hiyo emonga," akasema, "itamfaa aliye kushoto kwake. Mwingine atapata tabu."

Nyakerario aliyaelewa kabla mumewe hajayaelewa. Aliitazama ile chaki. Alikuwa na uwezo wa kujiweka yeye kando ya emonga, na hakuna mtu duniani angejua isipokuwa Ishmael, ambaye hasemi. Basi akaandika: mfumo, kisha Kazi, kisha Kwaya, kisha emonga. Akampa mumewe kando ya akiba.

"Wewe ndiwe utakayevimba," akamwambia. Lakini alisema akitabasamu, na ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki saba kumsikia anamtania.

Sasa likabaki tendo lenyewe.

Akasogeza kiti. Akanyoosha vidole vyake kumi. Cleophas akasimama upande wa kuume, Bochaberi upande wa kushoto, ndizi zikawa nyuma kama jeshi la akiba. Mashine ikauliza ukubwa wa kipande cha kwanza, na kwa kuwa mashine ile haitaki giga bali inataka megabaiti, hesabu ilikuwa ndefu: laki moja, elfu hamsini na tatu, na mia sita. Nyakerario akachapa bila kutazama, kama desturi yake. Akabonyeza "Tumia".

Mstari mrefu ukakatika. Vikatokea vipande viwili, kimoja kikiwa kidogo sana, ambacho hakuna aliyekiomba.

"Hicho ni cha nani?" akauliza Cleophas.

"Mashine imejitwalia yenyewe, cha kuhifadhi mambo yake," akasema Nyakerario, akisoma.

"Hiyo ni barabara ya serikali," akasema Bochaberi. "Hakuna shamba lisilo na barabara. Endelea, mkamwana."

Lakini hakuendelea. Mikono yake ilikuwa imesimama hewani. Kile kipande kingine, kilichopaswa kuwa giga mia moja na hamsini, kilikuwa giga kumi na tano. Vidole kumi visivyotazamwa vilikuwa vimeruka sifuri moja. Ni kosa lake la kwanza nililowahi kulisikia, na lilimfika mbele ya mama mkwe.

"Ndogo sana," akasema. "Mfumo hautaingia. Lazima nikitoe nianze upya."

Na njia ya kukitoa ilikuwa moja. Chini ya mstari palikuwa na kitufe chenye neno moja. Kipanya kikaenda hadi juu ya neno hilo kikasimama, na neno lilikuwa "Futa".

Diski ilikuwa tupu. Hapakuwa na kitu ndani cha kupoteza, wala barua wala wimbo, na yeye alijua hivyo kuliko mtu yeyote katika kaunti ile. Lakini mkono ulikataa. Aliniambia kwamba aliona mbele yake ile ratiba ya mazishi, majina ya wajukuu kumi na wanane, na lile neno likiwapita juu kama mvua ya mawe inavyolipita shamba la mahindi. Akakaa hivyo. Nje pikipiki ikapita.

Kisha Cleophas akainama, akaweka kiganja chake mezani, karibu na mkono wa mkewe bila kuugusa.

"Bonyeza tu, mama Linet," akasema, na besi yote ilikuwa imetoka katika sauti yake. "Lile la mwezi wa sita halikuwa kosa la kitufe. Nilijua diski imejaa. Mashine ilikuwa inaniambia kila asubuhi, na mimi nilikuwa nafunga lile onyo kabla hujafika dukani, ili usilione. Nilikuwa nataka harusi moja zaidi. Kosa lilikuwa langu. Ningekwambia zamani, ila nilisubiri uniulize."

"Nami nilisubiri useme," akasema Nyakerario.

"Basi nimesema."

Akabonyeza.

Kipande kikatoweka, kile kidogo akakitoa vivyo hivyo, na mstari ukawa mzima tena, mrefu na mweupe, kana kwamba hakuna aliyekosea. Safari hii Nyakerario aliitazama kibodi, tarakimu kwa tarakimu, na Cleophas akazihesabu kwa sauti pamoja naye, na sifuri zote zikawa mahali pake. Kipande cha kwanza kikasimama. Cha pili kikasimama. Cha tatu, kile cha mia nne, kikasimama kama kwaya inavyosimama ikionyeshwa mkono. Na pale mwisho, giga mia moja themanini na moja zikabaki na maandishi yao: nafasi isiyogawiwa.

Kazi yote, ukiondoa ile sifuri, ilichukua muda usiozidi dakika mbili. Wiki saba na dakika mbili, niseme ukweli wote.

Mfumo ukaanza kuingia. Ulichukua karibu saa moja, nao wakala ndizi zote, wakanipitishia tano juu ya mabati. Ulipomaliza, Nyakerario alivipa vipande majina: kimoja Kazi, kingine Kwaya. Dakika nne za Abner alizinakili katika Kazi, akazinakili katika Kwaya, kisha katika flashi ndogo ambayo Bochaberi aliifunga kwenye leso pamoja na simu. Mama huyo alipokuwa anaondoka alisimama kidogo kwenye kibanda changu. "Fundi," akaniambia, "cherehani yako leo haikushona hata nusu gauni." Akaenda zake akiwa na mkungu uliobaki kikonyo.

Jumatatu asubuhi, saa mbili kasoro, aliingia mteja wa kwanza, naye ni Damaris, karani wa kituo cha kununulia majani ya chai, mwanamke mrefu mwenye haraka. Alitaka nakala mbili za kitambulisho.

"Nilipita jana mkawa mmefungua mlango nusu," akasema, mashine ikiwa inapata moto. "Nikasikia watu wanabishana, nikasikia mtu anacheka, sikuelewa. Mlikuwa na nini?"

"Tulikuwa tunagawa diski," akasema Nyakerario.

"Mkagombana?"

"Kidogo."

"Chifu alikuja?"

"Hapana."

"Wazee wa ukoo?"

"Hapana. Mimi, baba Linet na mama."

"Na kila mtu ameridhika na chake?"

"Ameridhika. Hata pamebaki."

Damaris alizichukua nakala zake, akazipuliza kwa kuwa zilikuwa bado na joto. Haraka yote ilikuwa imemwisha. Alifikiri hadi mlangoni, kisha akageuka.

"Basi mtafute mtu aiandike," akasema. "Mimi nimeishi Kenyenya miaka arobaini na moja, na sijawahi kusikia watu wamegawa kitu, pakabaki, na wakaenda nyumbani kwa njia moja."

Ukuta wetu, kama nilivyosema, ni wa mabati. Nililisikia agizo hilo neno kwa neno, nikaacha cherehani, nikatafuta kalamu. Nami nimeandika.